Wimbo Uliotoka Mdomoni mwa Tae-o

Sehemu ya sita

Nilipoishia safari iliyopita, nilikuwa nimesimama nje ya chumba cha kurekodia, mlango umefungwa, na ndani yake msichana anaimba wimbo ambao si wake.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza: jina langu Eun-sol. Ni mwalimu wa sauti wa watoto katika tamthilia ya televisheni. Nilisomea muziki chuoni, nikashindwa kuimba mbele za watu kwa sababu ya haya, nikaona heri nifundishe wanaoweza.

Tamthilia yetu inaitwa Kwaya ya Ghorofa ya Nne. Inahusu wanafunzi wa darasa la sita wanaounda kwaya katika shule ya bandarini inayokaribia kufungwa. Shujaa wake ni mvulana ambaye hajatamka neno tangu baba yake aondoke nyumbani. Hasemi. Anaimba tu.

Aliyepewa nafasi hiyo ni Tae-o, mwenye miaka kumi na miwili. Majira ya vuli, siku ya majaribio, aliimba mpaka mama wa mavazi akaacha sindano hewani. Lakini baridi ilipokwisha na sisi tukaanza kurekodi, sauti ilikuwa imeanza kumkatikia. Ilipanda vizuri, ikifika juu inaanguka kama mtu aliyekosa ngazi.

Mwongozaji Pyo hakumfukuza. Alimwita So-dam, msichana wa mstari wa nyuma kwenye kwaya, akamwambia, "Tuimbie huu wimbo, ili Tae-o aufuatishe." So-dam akaimba, akaenda zake. Kisha Mwongozaji akamwambia Tae-o, "Wewe imba kama ulivyo. Mashine itaisafisha sauti yako."

Halafu akanigeukia mimi. "Na Mwalimu hana la kusema, sivyo?"

Nilikuwa nalo. Halikutoka.

Tangu siku ile nimelala na kuamka na jambo moja: mtoto huyu atasikia sauti ya mwenzake ikitoka kinywani mwake, mbele ya nchi nzima, na hakuna aliyemwandaa.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, saa kumi na mbili jioni.

*

Kipindi cha kwanza hatukitazami kila mtu kwao. Tunakutana, waigizaji, mafundi na wazazi, tunachoma nyama na kutazama pamoja. Safari hii tulikodi mkahawa mmoja karibu na studio, ule wa kuketi sakafuni, wenye televisheni kubwa ukutani.

Nilifika mapema. Nilikuwa nimeapa kwamba leo nitamwambia kabla kipindi hakijaanza.

Nilimkuta Tae-o mlangoni, kwenye kabati la viatu, anahangaika kuvua.

"Mwalimu, ona!" alisema, akinionyesha nyayo. Alikuwa amekanyaga visigino vya viatu vyake hadi vikalala. "Hivi Mama alininunulia juzi tu. Vimeshanibana. Mama wa mavazi anasema akinishonea suruali leo, kesho ni kaptura."

"Tae-o, nataka kukuambia kitu."

"Kuhusu sauti yangu?"

"Ndiyo."

"Najua, Mwalimu."

"Unajua?"

"Ndiyo. Mwongozaji aliniambia." Alitabasamu hadi macho yakapotea. "Mashine imefanya kazi. Amesema imetoka safi kabisa, kama ya siku ile ya majaribio. Mwalimu, mbona unalia?"

"Moshi wa nyama," nilisema.

Nyama ilikuwa haijawekwa motoni.

"Tae-o! Njoo ukae hapa mbele!" Mama yake alimwita kutoka ndani. Alikuwa amevaa koti lake jeupe, lile la shughuli. "Mwalimu Eun-sol, na wewe njoo! Mgeni wa heshima anakaaje mlangoni?"

Nikaenda. Mimi nikiitwa, huenda.

*

Waliniketisha kati ya Tae-o na So-dam. Upande wa pili wa So-dam alikuwa bibi yake, aliyemlea. Mwanamke mdogo wa umbo, mwenye sauti ya kutosha watu wawili.

"Wewe ndiye mwalimu?" aliniuliza.

"Ndiyo, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona mwembamba hivyo? Huko studio hawali?" Akanitilia tonge mdomoni, nyama imefungwa ndani ya jani la saladi, kubwa kuliko kinywa changu. "Tafuna. Halafu uniambie, huyu mjukuu wangu anaimba au anasimama tu nyuma ya wenzake kama mwavuli?"

"Bibi!" So-dam alijificha uso.

Sikuweza kujibu. Kinywa kilikuwa kimejaa, nikashukuru.

"Ataonekana muda gani?" Bibi aliendelea.

"Kidogo, Bibi. Ukipiga chafya umenikosa."

"Basi sipigi."

Tae-o alicheka. "Bibi, mimi nitakuonyesha. So-dam yuko nyuma yangu. Ukiona sikio langu la kushoto, lile linalochungulia nyuma yake ni la So-dam."

"Bora sikio langu kuliko suruali yako ya kuvukia mafuriko," So-dam akamjibu.

Walikuwa hivi kila siku, hawa wawili. Nilichukua mkasi wa nyama uliokuwa mezani nikaanza kukata. Mimi nikiona haya, mikono hutafuta kazi. Nilikata vipande, nikavikata tena vile vipande, mpaka Mwongozaji Pyo, upande wa pili wa meza, akasema, "Mwalimu, hiyo sasa ni ya vifaranga."

Watu wakacheka. Akanikazia macho kidogo, kwa upole. Nilielewa alichokuwa akiniomba.

Muziki wa kufungulia ukaanza. Mtu akazima taa.

*

Sitasimulia kipindi chote, wengi wenu mlikiona. Nitasema tu kwamba kwa dakika ishirini tulikuwa watu wenye furaha. Kila uso ulipotokea, meza yake ilipiga kelele. So-dam alipopita na ufagio, Bibi alipiga makofi kana kwamba mjukuu ameolewa.

Kisha yule mvulana asiyesema akaingia ukumbini peke yake. Akasimama mbele ya piano isiyo na mpigaji. Kamera ikamsogelea usoni.

Tae-o alinishika mkono chini ya meza.

Mvulana wa kwenye kioo cha televisheni akafungua mdomo.

Ile sauti ilikuwa nzuri. Lazima niseme ukweli, ilikuwa nzuri mno. Ilipanda bila kutetereka, na pale juu kabisa ikakaa kama ndege aliyepata tawi. Mama Tae-o aliweka mkono kifuani.

Tae-o alikuwa akitazama bila kupepesa. Aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayesikia jina lake likiitwa kwa mbali na hana hakika kama ni yeye anayeitwa.

Akauachia mkono wangu.

Hapo ndipo Bibi aliposimama.

"Huyo ni So-dam wetu!"

Watu wakacheka. Mtu mmoja akasema, "Bibi, huyo ni Tae-o! So-dam ni yule wa ufagio!"

"Uso ni wa Tae-o, nimeuona, sina mtoto wa jicho. Nasema sauti!" Alikuwa akiangaza kwa furaha. "Nimembeba mtoto huyu mgongoni tangu mchanga. Sikieni anavyovuta pumzi kabla ya kupanda, kama anataka kupiga chafya. Tangu ana miaka mitatu anavuta hivyo! Nyie masikio yenu ni ya kuning'inizia miwani tu?"

Kicheko kilianza tena, kikafia njiani.

Kwa sababu hapo hapo, kwenye televisheni, mvulana alivuta pumzi kabla ya kupanda. Na wote wakaisikia.

So-dam alikuwa amegeuka mweupe kama tui. "Mwongozaji," alisema polepole, "uliniambia ni ya kumfundishia."

Nyama ilikuwa ikiungua na hakuna aliyeigeuza.

"Bibi amechangamka," Mwongozaji Pyo alisema akicheka, na kicheko chake kilikuwa kikavu. "Nani amemmiminia Bibi pombe?"

"Mwalimu."

Ilikuwa sauti ya Tae-o. Ile ya sasa, nzito chini, nyembamba juu, isiyojua ikae wapi.

"Mwalimu, ni kweli?"

Watu wote walinigeukia. Wasomaji wangu, mnajua nilivyo. Nikitazamwa na watu watano, mimi hutafuta mlango. Hawa walikuwa mkahawa mzima. Mwongozaji alitikisa kichwa, kidogo sana: hapana. Mama Tae-o alinitazama macho yamejaa maji, na sikujua yananiomba nini.

Nilifungua mdomo. Nikaufunga. Nikaufungua tena.

Nilikuwa kama yule mvulana wa kwenye kioo, ila kwangu hapakuwa na mtu wa kuniimbia.

Tae-o aliusoma uso wangu, akapata jibu lake.

Nilidhani atalia. Nilidhani atapindua meza. Laiti angepindua.

Alisimama. Akajiweka sawa shati. Katika kazi yetu, siku ikiisha, kila mtu humwinamia mwenzake, na watoto hufundishwa hivyo kabla hawajafundishwa kuigiza. Tae-o alimgeukia So-dam, akainama hadi paji la uso likakaribia magoti.

"Pole kwa kazi," alisema.

Sauti ilimkatikia kwenye neno la mwisho.

Kisha akatoka. Bila viatu.

*

So-dam alimfuata mbio. Mimi nilibaki mezani. Nilikuwa bado nimeshika mkasi.

Nikamwendea Mama Tae-o. Nilijua huyu sasa ndiye atakayewaka moto. Mama gani angekubali? Angemshtaki Mwongozaji, na mimi ningesimama nyuma yake niseme nilichokiona.

"Mama Tae-o," nilimwambia, "nisamehe. Niko tayari kusema kila kitu. Popote utakapotaka."

Alikuwa akikunja koti lake jeupe, analikunjua, analikunja.

"Useme nini, Mwalimu?"

"Kwamba walimdanganya."

"Mimi ndiye niliyeomba," alisema.

Nilidhani sikumwelewa.

"Walikuwa wamuondoe. Mtoto mwingine alikuwa ameshaletwa, mdogo wake kwa mwaka, sauti bado ipo. Nilimfuata Mwongozaji hadi kwenye maegesho ya magari, nikapiga magoti. Nikamwambia, mtafutieni sauti, lakini uso uacheni." Alipangusa macho kwa mkono wa koti. "Ningemwambia nini mtoto wangu, Mwalimu? Kwamba ameachishwa kwa kosa la kukua?"

Nilikuwa nimekuja na hasira yangu ndogo, niliyoikusanya kwa wiki nyingi, na sasa sikuwa na mtu wa kumpa.

Nyuma yetu, Mwongozaji Pyo alikuwa amepiga goti mbele ya Bibi, anammiminia kinywaji kwa mikono miwili kama mkwe mwema.

"Bibi, kipindi cha tano kina wimbo. Nilikuwa natafuta wa kumpa. Kumbe dhahabu tunayo wenyewe. Ataimba kwa uso wake, kwa jina lake. Ila hili la leo, Bibi wangu, tuliache humu humu."

Bibi, aliyekuwa akipaza sauti dakika chache nyuma, alikitazama kile kikombe kwa muda mrefu.

"Kwa jina lake?" aliuliza.

"Kwa jina lake."

Akanywa.

Televisheni ilikuwa ikimalizia. Majina yalipita, kisha likaja tangazo lenye rangi na maputo: Keshokutwa, Siku ya Watoto, katika uwanja mkubwa wa jiji, Tae-o na kwaya yake wataimba mbele yenu, moja kwa moja!

Mafundi walipiga makofi kwa mazoea, kisha wakatazamana.

Mwongozaji Pyo alinivuta pembeni, karibu na kabati la viatu. Si mtu mbaya. Mtaniona mjinga, lakini nasema tena, si mtu mbaya. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mwalimu, watu thelathini wanakula kwa tamthilia hii. Keshokutwa tutapiga kanda ya So-dam. Tae-o atafungua mdomo tu."

"Na akiimba?"

"Ndiyo maana nazungumza na wewe. Mafundi wa uwanjani ni wa jiji, hawajui lolote, watafungua kila kipaza sauti watakachokikuta. Cha Tae-o humvisha nani kila siku?"

"Mimi."

"Kile kiboksi kinakaa mgongoni, chini ya shati. Mwenyewe hakioni. Kizime kabla hajapanda jukwaani."

"Mwongozaji, siwezi."

"Anakuamini wewe peke yako." Alinigusa bega. "Akiimba kwa sauti ile, moja kwa moja, watu watajua yote. Watoto wenzake shuleni watamcheka hadi akue. Kizime, Mwalimu. Ni kumwonea huruma."

Nilitaka kusema hapana mara ya pili. Ile ya kwanza ilikuwa imemaliza akiba yangu.

*

Niliwakuta kwenye ngazi za nyuma za jengo, wameketi bega kwa bega. So-dam alikuwa amevua soksi yake moja akampa mwenzake. Kila mmoja alikuwa na mguu mmoja wenye soksi.

Nilisimama kwenye kona, nikasikia.

Tae-o alikuwa anajaribu ule wimbo. Alianza chini, polepole. Ikapanda, ikafika pale juu, ikapasuka.

"Jogoo amekanyagwa mkia," So-dam alisema.

"Jogoo aliyekanyagwa na ng'ombe," Tae-o akasema, na wakacheka wote wawili, machozi yakiwa bado mashavuni.

"Mimi sikujua," So-dam alisema. "Nakuapia. Ningejua ningeimba vibaya."

"Wewe huwezi kuimba vibaya. Ulijaribu siku ya mtihani wa shule, ukashindwa."

"Jaribu tena. Anzia chini zaidi. Usipande kule, pita kwa hapa." Akamwonyesha kwa kuimba kwa sauti ya kunong'ona, njia nyingine ya wimbo ule ule, iliyo chini.

Tae-o akaifuata.

Mimi nilisoma muziki miaka minne, na katika wiki zote zile sikuwahi kuwaza kumtafutia njia ya chini. Sauti yake ilitoka na mikwaruzo, ilitetemeka, lakini haikukatika. Ilikuwa sauti ya mtoto anayeondoka kwenye utoto, na mvulana yule asiyesema wa kwenye tamthilia, kama angekuwa mtu kweli, nadhani angeimba hivyo.

Tae-o aliniona. Hakukasirika. Hilo ndilo lililoniumiza.

"Mwalimu, ile ya zamani haitarudi, sivyo?"

Huyu nilimjibu. "Haitarudi."

"Hata mashine?"

"Hata mashine."

Aliitikia kwa kichwa kama mtu mzima aliyeambiwa bei ya kitu, akaikubali. "Basi keshokutwa nitaimba na hii. So-dam atanishikia kwa nyuma nikipotea. Watanicheka?"

"Wengine watacheka," nilisema.

"Wacheke. Mradi wanicheke mimi." Akanisogelea. "Mwalimu, keshokutwa ni wewe utakayenivisha kipaza sauti?"

"Ni mimi."

"Utakiwasha?"

So-dam naye alinitazama.

"Niahidi," Tae-o alisema, akanyoosha kidole chake kidogo ili nikifunge na changu, na dole gumba juu tayari kupiga muhuri, kama walivyoahidiana watoto wote niliowahi kuwafundisha, na kama nilivyoahidiana mimi na dada yangu nilipokuwa na umri wake.

Mlango wa juu ulifunguliwa. Mwanga ukatumwagikia sote watatu.

Mwongozaji Pyo alikuwa amesimama pale, ameshika vile viatu vilivyokanyagwa visigino.

"Tae-o, utapata baridi," alisema kwa upole. Kisha akakiona kile kidole hewani. Akanitazama mimi. Alisubiri.

Tae-o hakugeuka. "Mwalimu?" aliniita.

Mkono wangu ulikuwa mfukoni. Niliusikia ukianza kutoka, na hadi sasa ninapoandika, sikumbuki kama niliutoa mimi.